Sura ya Saba: Nukta Nyekundu Kwenye Nati

"Mimi sijitetei," Joash alisema kutoka ndani ya seli. "Kazi yangu ndiyo itanitetea."

Inspekta Truphosa Kageha aliangalia saa yake. Saa mbili na robo asubuhi. Saa nane mchana mzee huyu angesimamishwa mbele ya hakimu na kushtakiwa kwamba ameiba injini ya gari la tajiri wake, na kufikia kesho yake kila gereji kuanzia Naivasha hadi Molo ingekuwa na habari. Fundi akishaitwa mwizi, hata akishinda kesi hapati tena gari la kugusa. Joash alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado alikuwa amekaa wima kwenye sakafu ya saruji, vifungo vya koti lake la kazi vyote vimefungwa mpaka shingoni, utadhani ni yeye aliyemwita inspekta kumhoji.

"Mzee Joash, masaa yanaenda. Ijumaa mpaka Jumatatu, funguo za gereji zilikuwa na nani?"

"Na mimi."

"Pekee yako?"

"Pekee yangu. Miaka ishirini na saba ziko na mimi."

"Na hizi alama nyekundu kwa nati za injini?"

"Si zangu."

"Tajiri wako Bwana Mohinder ameandika stetimenti kwamba ni zako. Anasema kila mtu Nakuru anajua Joash akikaza nati lazima aipake cutex nyekundu, ile rangi ya kucha."

Joash alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ni kweli, cutex ni ya bibi yangu. Lakini hao watu wote wanajua ninapaka. Hakuna anayejua ninapaka nini."

"Basi niambie."

"Afande, nikikuambia utasema najitetea. Enda gereji. Kuna pikap ya kijani ya Bwana Kinyanjui, nimeifanya mwezi jana. Ingia chini yake uangalie. Halafu ingia chini ya hiyo Subaru iliyobadilishwa injini. Uko na macho."

Baada ya hapo alifunga mdomo, na Truphosa, aliyekuwa amehoji wezi, walaghai na wachungaji wa uongo kwa miaka kumi na minne, alijua mdomo uliofungwa hivyo haufunguliwi kwa maswali. Alimwita Konstebo Kiptanui, wakatoka.

Gereji ya Mohinder ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka kituoni. Babu yake alikuja na reli akiwa fundi wa vyuma, baba yake akafungua gereji, na Mohinder mwenyewe, sasa ana miaka sitini na tatu na ndevu nyeupe pe, alikuwa amehamia ofisini na kuiacha sakafu mikononi mwa Joash. Aliwapokea polisi mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Madam Inspekta, mimi sikutaka haya," alisema. "Joash amekula kwangu, watoto wake wamesoma na wangu. Lakini alama ni alama."

"Nionyeshe gari kwanza, mzee."

Lilikuwa katikati ya gereji. Tuseme ukweli, hata mtu asiyejali magari angesimama kulitazama. Subaru Impreza STI ya mwaka 2001, buluu iliyokolea, rimu za rangi ya dhahabu, boneti yenye tundu la kuvuta hewa, na nyuma bawa kubwa ambalo mama mmoja muuza mboga alikuwa ameuliza kama ni la kuanikia nguo. Jaspreet, binti wa mwisho wa Mohinder, alikuwa amelitafuta kwenye mtandao kwa miezi minne. Alikataa kumi na moja: mengine yamezidi miaka minane na serikali haiyaruhusu kuingia, mengine yamepinda chassis yakanyooshwa. Hili la kumi na mbili lilikaguliwa Japani, likapanda meli, likafika Mombasa likiwa zima. Jumamosi inayokuja lilikuwa liingie kwenye mashindano ya rally, Jaspreet akiwa dereva, na tangu mji huu uanze kutimua vumbi la rally hakuna msichana wa Nakuru aliyewahi kushika usukani wa gari la namna hiyo.

Jaspreet aliingia na kuzungusha ufunguo. Sauti nyororo ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Konstebo Kiptanui aliruka.

"Usiogope," Jaspreet alisema. "Anasema kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Kila siku anasema. Mafundi humjibu, 'Pole mathe, hapa ni Nakuru.'"

"Uligundua lini kwamba injini imebadilishwa?" Truphosa aliuliza.

"Jumatatu. Nililipeleka kule Bahati kulijaribu. Gari ya nguvu za farasi mia mbili themanini, na pale kilimani nikapitwa na Peugeot imebeba kabeji! Nikarudi nikalia. Nilimwita Joash. Alifungua boneti, akaangalia dakika mbili, akasema, 'Hii si injini ya hii gari. Juu ni yenyewe, chini ni ya gari ya kupeleka watoto shule.'"

"Joash ndiye aliyesema?"

"Yeye mwenyewe. Mabomba mekundu ya juu yalikuwa yamehamishiwa kwa hii injini ya uongo, ndiyo maana hakuna mtu aliona."

Truphosa alimgeukia Mohinder. "Mwizi gani anajishtaki?"

"Mwizi mwerevu," mzee alijibu, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Alijua tutaona tu. Akatangulia. Halafu nikainama mimi mwenyewe, nikaona zile nati za kushikilia injini. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Mimi ningefanya nini?"

Truphosa aliomba ovaroli. Mafundi wanne waliacha kazi kumtazama inspekta wa CID akijilaza chali kwenye kibao chenye magurudumu na kuteleza chini ya pikap ya kijani ya Bwana Kinyanjui. Hawakujua kwamba mwanamke huyo alikulia kwenye nyumba za reli, na kwamba baba yake alikuwa mkaguzi wa mabehewa stesheni ya Nakuru, mtu wa kutembea kando ya treni na nyundo akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Lililoitika vizuri alilichora chaki, na kila mchoro ulikuwa na maana yake. Alama ya fundi, marehemu alikuwa akimwambia, ni barua kwa fundi atakayekuja baada yake. Truphosa alijivunia mambo machache maishani, na baba huyo lilikuwa la kwanza.

Alimulika tochi. Kwenye kila nati ya pikap kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Ulianzia juu ya nati, ukashuka ubavuni, ukaishia kwenye chuma kilicho kando. Nati ikilegea hata kwa unywele, mstari unakatika vipande viwili, na mtu yeyote mwenye tochi anaona bila kushika spana.

Aliteleza akatoka, akaingia chini ya Subaru. Nukta. Nukta nene za duara, kila moja imekaa juu ya kichwa cha nati kama tika kwenye paji la uso la mwanamke wa Kihindi. Hakuna hata moja iliyogusa chuma cha pembeni. Nukta hizo hata nati ikizunguka mara tatu zingebaki vilevile. Hazikuwa na kazi yoyote duniani ila kuwa nyekundu.

Alilala pale chini dakika nzima akitabasamu peke yake.

"Mzee Mohinder," aliuliza alipotoka, akijifuta mikono, "hii alama ya Joash ni ya nini?"

"Ya kuonyesha amekaza."

"Tu?"

"Tu. Baba yangu ndiye aliyemfunza."

Kiptanui alimnong'oneza, "Madam, si tumemaliza? Si zake."

"Wakili wa serikali atasema siku hiyo alikuwa na haraka. Nukta inamsafisha kwangu mimi, haimsafishi kwa hakimu. Nataka injini yenyewe."

Aliinama dirishani akasoma kilomita kwenye dashibodi: 69,008. Kisha akaomba karatasi. Cheti cha Japani kilitaja namba ya bodi na aina ya injini tu. Namba ya injini yenyewe hakikuandika, na hapo ndipo mwizi alipojua pa kupita. Lakini kilomita ziliandikwa: 68,240. Truphosa alipiga hesabu kwenye kiganja. Mombasa hadi Nakuru, mia sita na arobaini. Bahati kwenda na kurudi, thelathini. Zilizidi tisini na nane.

"Nani aliendesha kutoka Mombasa?"

"Dereva anaitwa Kiplangat," Jaspreet alisema. "Alifika Jumatatu ya wiki jana. Alilipeleka kwa yadi ya Mayur, ndiye alitushughulikia mambo ya forodha. Likakaa huko mpaka Ijumaa, Mayur akisema anangoja karatasi moja."

Kiplangat walimkuta kwenye hoteli ya chai karibu na stendi ya malori, chapati mbili mbele yake. Alikuwa kijana mrefu wa miaka thelathini hivi, na kazi yake ilikuwa hiyo tu, kupandisha magari ya watu kutoka bandarini. Alipomwona Truphosa akionyesha kitambulisho, chapati ilimshinda kumeza.

"Chamgei," Kiptanui alimsalimia kwa Kikalenjin, akakaa upande wake wa kushoto. Truphosa akakaa wa kulia.

"Kilomita tisini na nane," Truphosa alisema. "Ulizipeleka wapi?"

"Madam, mimi sijui mambo ya injini."

"Sijauliza injini. Na wewe umejuaje ni mambo ya injini?"

"Mji wote unajua! Joash ameshikwa jana mchana." Alifuta jasho. Asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi. "Mimi ni dereva. Nikipewa gari nafikisha."

"Kilomita tisini na nane, Kiplangat. Ukienda gereji fulani Nairobi na kurudi barabarani, zinafika. Ukitoa injini na kuweka nyingine njiani, masaa yanatosha. Mzee anaenda kortini saa nane. Kama ni wewe, sema. Kama si wewe, sema pia."

Kiplangat alitazama chai yake. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekiri dhambi kanisani, akasema, "Nilienda Molo."

"Kufanya nini?"

"Kuonyesha mama yangu."

Kiptanui aligeuza uso ukutani ili asicheke.

"Madam, nimeendesha magari ya watu miaka sita. Vitz, Probox, Vitz, Probox. Mama yangu hajawahi kuniona na gari ya maana. Nikifika Nakuru asubuhi nikasema, kutoka hapa Molo si mbali, nani ataniona. Nikaingia nyumbani na hiyo mashine. Watu wote wa huko walitoka! Mama akauliza, 'Na mbona inanguruma hivi, imeharibika?' Nikamwambia, 'Mama, hiyo ndiyo afya yake.' Akaiombea baraka. Akanipea gunia ya viazi, nikabeba kwa buti."

"Ukarudi vipi?"

Hapo Kiplangat alisahau kuogopa. Aliinua kichwa, mikono ikashika usukani usiokuwepo. "Vipi? Madam, hiyo gari haikuwa inapanda mlima, ilikuwa inakula mlima! Na viazi nyuma! Malori ya Salgaa niliyapita yote, nikakanyaga kidogo tu, turbo ikavuta, mgongo ukashikana na kiti. Radio yake haishiki stesheni ya Kenya hata moja, na sikujali. Nilisikiliza injini mpaka Nakuru."

Truphosa aliandika. Kwa hiyo siku ile gari linafika Nakuru, injini ilikuwa yenyewe. Kijana huyu alikuwa amevunja amri ya kazi kwa majivuno, na majivuno hayohayo yalikuwa yamemtoa mzee wa watu nusu ya shimo.

"Ulifungua boneti njiani?"

"Mtito Andei, kuangalia oili. Lazima."

"Uliona nini?"

"Oili safi. Mabomba mekundu. Na ile stika yao, pale mbele kwa kifuniko cha mkanda. Ya njano, maandishi ya Kijapani, halafu namba za kilomita zimeandikwa na kalamu. Wajapani wakibadilisha mkanda wanabandika."

"Namba gani?"

"Hapo umenishinda."

Truphosa alikumbuka kifuniko alichokiona saa moja iliyopita chini ya tochi. Cheusi, kimefutwa, hakina kitu. Alitoa simu akampigia Jaspreet.

"Kwenye karatasi za Japani kuna mahali wameandika mkanda wa injini ulibadilishwa lini?"

Alisikia droo ya gari ikifunguliwa na kurasa zikipekuliwa. "Kuna kijitabu cha huduma. Kijapani kitupu, lakini muuzaji alinitumia tafsiri kwa barua pepe, nikaandika na penseli. Mkanda, mkanda... hapa. Kilomita sitini na moja elfu, mia tatu na kumi na saba."

"Usimwonyeshe mtu. Hata baba yako. Kaa nacho."

Walipitia kortini kuchukua kibali cha upekuzi. Karani aliwaweka foleni mpaka saa tano na nusu.

Mayur alikuwa na ghala la spea mtaa wa viwanda, safi kuliko hospitali nyingi. Injini kutoka Japani zilipangwa sakafuni kwa mistari, kila moja juu ya mbao zake. Mayur mwenyewe alikuwa mtu mpole wa miaka arobaini na tano, shati lililopigwa pasi, miwani ikining'inia kifuani. Aliagiza chai ya tangawizi kabla hawajakaa.

"Nimeumia sana kuhusu Joash," alisema. "Miaka kumi na tano namuuzia spea. Nani angefikiri?"

"Gari lilikaa kwako siku nne."

"Siku nne, ndiyo. Limefunikwa, limefungwa. Boneti haikufunguliwa hata kidogo, madam. Gari ya rafiki yangu Mohinder ni kama yangu."

"Na alama za Joash umewahi kuziona?"

"Nani hajaona? Nukta nyekundu juu ya nati. Hapa Nakuru hiyo ni kama sahihi yake."

"Nukta," Truphosa alirudia, akaandika. Kisha akafunga daftari, akalegeza mabega, akatazama huku na huku kwa macho ya mtu aliyemaliza kazi. "Ghala lako zuri. Ndugu yangu anatafuta injini. Ameibiwa mara mbili, anauziwa ya hapa anaambiwa ya Japani. Mtu anajuaje?"

Ng'ombe hashindwi na nunduye, na mfanyabiashara hashindwi kusifu bidhaa zake. Mayur alisimama. Akawapeleka kati ya mistari, akagonga injini moja kwa kidole.

"Mwambie asiangalie rangi, asiangalie oili. Aangalie stika. Hii hapa, ya kijani. Hii nyingine, nyeupe. Fundi wa Japani hawezi kumaliza kazi bila kubandika. Ikiwa na stika, mteja halalamiki bei. Ikitoka, hata kama nimeishusha kwa meli mimi mwenyewe, ataniambia imetoka jua kali. Vijana wangu wanajua: ukiosha injini, chochote kitoke, stika isiguswe. Nitakufuta kazi."

"Kila injini?"

"Kila injini. Hiyo ndiyo heshima ya duka langu."

"Na ile?" Truphosa alielekeza kidevu kwenye kona, ambako paleti moja ilikuwa imefunikwa turubai na kufungwa kamba, tayari kupakiwa.

Mayur alisogea akasimama kati yake na kona hiyo. "Ile imeshauzwa. Mteja wa Nairobi. Lori linakuja kesho."

Truphosa alitoa kibali kwenye mkoba, akamkabidhi. Mayur alivaa miwani akasoma, akasoma tena, na Kiptanui akakata kamba.

Chini ya turubai kulikuwa na injini kubwa ya turbo, imeoshwa inang'aa, juu ikiwa uchi bila mabomba. Na pale mbele, kwenye kifuniko cha mkanda, stika ya njano imebandikwa kwa mkono ulionyooka, bila hata kiputo cha hewa. Maandishi ya Kijapani. Chini yake, kwa wino mweusi: 61,317.

"Soma," Truphosa alimwambia Kiptanui. Konstebo akasoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Truphosa alimpigia Jaspreet, akaiweka simu kwenye spika. Sauti ya binti ikasoma tarakimu zilezile, moja moja.

"Kuna injini nyingi," Mayur alisema.

"Ziko nyingi. Zilizobadilishwa mkanda kilomita sitini na moja elfu mia tatu na kumi na saba, ni ngapi?"

Mayur aliigusa stika kwa kidole. "Ningeitoa kwa kucha," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Sekunde mbili. Nilikuja mara tatu kuitoa, nikashindwa. Injini kama hiyo bila stika..."

"Na nukta ulipaka mwenyewe?"

"Fundi niliyemleta kutoka Nairobi alibadilisha. Nukta nilipaka mimi."

"Ungeinama kidogo, Bwana Mayur. Ungeona ni mstari."

Alimsomea haki zake, Kiptanui akamfunga pingu.

Saa saba na dakika ishirini Mohinder alikuwa kituoni. Truphosa alikuwa amemweleza yote kwenye kaunta, kwa ufupi, bila kumpaka mafuta: Mayur, injini, stika, na tofauti ya nukta na mstari. Mzee alisikiliza akishikilia ukingo wa kaunta. Akaomba kitabu, akaandika kwa mkono wake kwamba anaondoa madai. Kisha seli ikafunguliwa.

Joash hakutoka. Alisimama palepale ndani, mlango ukiwa wazi.

"Joash," Mohinder alisema. "Njoo twende nyumbani. Gari iko nje, Jaspreet anangoja. Nimekosa, ndugu yangu."

"Nani alinifunza ule mstari?"

Mohinder aliinamisha kichwa. "Baba."

"Baba yako alinishika huu mkono, mwaka wa themanini. Akaniambia, Joash, nati inaweza kukudanganya lakini mstari haudanganyi. Wewe ulikuwa umesimama hapo. Miaka ishirini na saba unapita kando yangu nikipaka. Jana ukaangalia nukta za mtoto wa shule, ukasema ni mimi." Sauti yake haikupanda. "Sijali kulala hapa. Hiyo ya nukta ndiyo nimekasirikia."

Polisi waliokuwa kwenye kaunta walijifanya wanaandika. Truphosa hakujifanya. Alimtazama fundi huyo na kuona fahari ya watu wa nyundo na spana ambao yeye mwenyewe alitoka kwao.

"Nifanye nini?" Mohinder aliuliza.

"Jana nilitolewa gereji na pingu, kwa miguu. Konstebo alisema ni karibu. Nilipita sokoni, nikapita kwa maduka yote ya spea, nikapita kwa kanisa langu. Watu wote waliniona. Sasa sitaingia kwa gari na vioo vimefungwa. Nitarudi njia ile ile, kwa miguu, jua likiwaka. Na wewe utanirudisha."

Mohinder alijishika mguu. Alikuwa na goti bovu, mji mzima ulijua. Kisha akageuka kwenye rafu ya vielelezo, ambako sanduku la vyombo vya Joash lilikuwa na karatasi ya kesi imebandikwa juu. "Madam, hili linaweza kuondoka?"

"Weka sahihi hapa."

Aliweka sahihi. Kiptanui alisogea kulibeba, lakini mzee alimwondoa mkono. Aliliinua mwenyewe, kilo ishirini za chuma, begani mwa koti lake la kijivu, na mafuta meusi yakamchafua papo hapo.

Walitoka. Truphosa aliwafuata hatua kumi nyuma. Alijiambia anahitaji sahihi nyingine gerejini, na hakuna aliyemuuliza ni sahihi gani. Jaspreet aliendesha gari la baba yake nyuma kabisa, taa zikiwaka, mwendo wa konokono, akikataa kupiga honi. Sokoni wanawake waliacha kupanga nyanya. Kwenye maduka ya spea watu walitoka mpaka barabarani, mikono viunoni. Kila walipotazamwa sana, Mohinder alisimama, akapumua, akasema kwa sauti iliyosikika ng'ambo, "Huyu ni fundi wangu mkuu. Hakuiba kitu. Mimi ndiye nilikosa." Kisha akahamisha sanduku bega la pili, wakaendelea.

Karibu na kona ya mwisho muuza betri mmoja alishindwa kujizuia. "Boss! Gari iko hapo nyuma, na nyinyi mnatembea. Imeharibika?"

"Gari iko sawa," Mohinder alijibu, jasho likimtiririka ndevuni. "Ni mimi nilikuwa nimeharibika. Natengenezwa."

Watu wakacheka, na mmoja akapiga makofi, halafu wengine. Joash hakucheka wala hakumpokea sanduku. Gereji ilikuwa imebaki hatua hamsini, mafundi wote wamesimama langoni wakimngoja. Aliinua mkono akahakikisha kifungo cha juu cha koti lake kimefungwa, kisha akapunguza mwendo, ili njia isimwishie haraka.